Mwanagenzi Mwenye Mvi

Karakanani, 6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa Gololi anatoa jino la pili na ameamua nyumba nzima ilie pamoja naye. Baba yake bado yuko kambini kwenye ujenzi wa barabara, kwa hiyo wa kulia naye ni mimi peke yangu.

Ulisema unakwenda siku tatu kumwangalia dada yako mgonjwa. Leo ni siku ya kumi na moja. Nilitaka kukupigia, nikasikia simu yako inalia ndani ya droo ya rula. Mjomba, mtu anasafiri anaacha simu? Basi barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, amesema kwa dada yako anapajua.

Kazi ipo. Ile shule mpya nyuma ya soko imeagiza vioo sitini na vinne vya madirisha, wavipate kabla ya mwisho wa Aprili. Nilikubali nikijua uko njiani. Nakata, lakini ukataji wangu unaujua. Kioo kikipita mkononi mwako kinaimba, kikipita mwangu kinakwaruza. Juzi alikuja mzee mmoja na fremu ya picha, akachungulia, akauliza, "Yule Mwanagenzi hayupo?" Nikasema amesafiri. Akasema, "Basi nitarudi." Nikamwambia, mzee, mimi ndiye mwenye karakana. Akasema, "Ndiyo maana nitarudi."

Sijui kama ipo karakana nyingine duniani ambayo mwenye mali hatakiwi kugusa kioo, na mwanagenzi ana mvi.

Kuna jambo sikukwambia. Kabla hujaondoka ofisi ya kazi ilileta tangazo. Nililiweka chini ya kopo la mafuta ya taa nikisema nitakwambia taratibu. Ulipoondoka nimelikuta limegeuzwa, duara la mafuta sasa liko upande wa nyuma. Je, ulilisoma? Wanasema sheria ya waajiri wadogo imebadilika. Hata mwenye mtu mmoja lazima awe na mkataba wa maandishi, na usajiliwe kabla Aprili haijaisha. Na mwanagenzi asizidi miaka mitatu. Akizidi, "anaondolewa katika daftari la mafunzo". Shule nilisoma kidogo, lakini hilo neno anaondolewa nililielewa. Wewe una miaka ishirini na moja hapa. Ulikuja mimi nina miaka miwili.

Sikuficha kwa ubaya. Nilikuwa natafuta njia ya wewe kutoondolewa. Tangu Baba atutoke mwaka jana, karakana hii ni wewe. Rudi tushauriane.

Ni mimi,
Mama Gololi

*

Kwa dada, 11 Machi

Binti Fundi,

Marahaba. Barua yako imefika na alama ya soli ya kiatu, nadhani kondakta aliikalia kwanza, kisha akaisimamia. Dada anaendelea. Leo afadhali, kesho hatujui.

Tangazo nimelisoma. Kuficha hujui, mama. Kitu cha siri hakiwekwi chini ya kopo ninalolishika mara arobaini kwa siku.

Miaka ishirini na moja haiingii kwenye mitatu hata uikunje vipi. Fanya hivi. Jaza ile fomu yao, andika kwamba niliingia mwaka jana mwezi wa tatu. Hakuna karatasi itakayokupinga. Mzee baba yako hakuwahi kuandika kitu zaidi ya vipimo vya madirisha. Utakuwa umetii sheria, na mimi sitakuwa mzigo kichwani kwako. Huku nitakaa mpaka afisa apite aridhike. Akinikuta hapo, mwanagenzi wa mwaka mmoja mwenye mvi na magoti yanayolia kama bawaba, si ataniuliza nilichelewa wapi.

Vioo vya shule kata vitano kwa siku, usizidishe. Chovya kikatio kwenye mafuta ya taa kila mara. Mstari mmoja, mkono mmoja, mara moja. Ukiona umeteleza, usirudie juu ya mstari uleule, anza kioo kingine. Na vaa glavu. Najua huvai.

Mbusu Gololi. Mwambie meno ni kazi kama kazi nyingine.

Mwanagenzi wako

*

Karakanani, 19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mwandiko usikushangaze, Gololi nimempakata ndiyo maana herufi zinapinda.

Fomu nimejaza kama ulivyosema. Mwaka mmoja. Niliandika nikiwa nimesimama pale kaunta, kalamu ya buluu. Afisa ni dada wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aliisoma yote, akagonga muhuri, akasema, "Haya, umekuwa mwajiri." Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilijisikia kama mtu aliyeuza kitu kisicho chake.

Vioo vya shule vinaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi navyo.

Sasa nikuulize. Kondakta alipoleta barua yako alicheka. Anasema amekukuta umebeba gunia la mkaa kichwani, na dada yako anakuja nyuma anakimbiza kuku. Mgonjwa gani huyo, Mjomba? Nimekaa naye moyoni siku zote hizi, kila nikiomba namtaja. Kama ulitaka kuniondokea ungesema.

Gololi leo ameketi mwenyewe bila mto. Ameketi hesabu mpaka tisa, ndipo akaanguka akacheka.

Mama Gololi

*

Kwa dada, 23 Machi

Binti Fundi,

Dada alikuwa mgonjwa. Amepona ghafla. Mshukuru Mungu badala ya kunihoji.

Hayo tuyaache. Umejikata.

Usinidanganye mimi. Miezi minane unampakata Gololi mkono wa kushoto, na wa kulia unaandika risiti, unahesabu chenji, unafukuza nzi, hata siku moja herufi haijapinda. Barua hii imeandikwa na mkono ambao haujawahi kuandika. Na vioo vya shule hukuniambia ni vingapi. Mtu ambaye kazi yake inakwenda hutaja idadi.

Ni kidole au ni kiganja? Kina kiasi gani? Wamekishona? Ni pale pa kuvunja ukingo au ni wakati wa kubeba? Niambie ukweli kwa barua ya kesho, kondakta nimemlipa kwenda na kurudi.

Kuja siwezi. Umeshasaini mwaka mmoja, nikija nikaonekana nimesimama pale mezani tutakuwa tumejifunga kamba wenyewe. Funga karakana upumzike. Shule wasubiri.

Mwanagenzi wako

*

Karakanani, 29 Machi

Mjomba,

Ni kweli. Mkono wa kulia, kuanzia kidole cha shahada kushuka kiganjani. Nyuzi tisa. Nilikata mstari nikateleza, nikarudia juu ya uleule. Nilikusikia kabisa ukisema usirudie. Kilikuwa kioo cha mwisho kwenye lile kasha, nikasema nisikiharibu. Nilipokivunja kilifuata njia yake, hakikufuata yangu. Nilikuwa sina glavu. Hapo unaweza kunigomba.

Gololi alikuwa kwa fundi viatu hapo jirani, hakuona damu. Hilo namshukuru Mungu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Nesi aliniandikia "ajali kazini", na ile karatasi kumbe kwa sheria mpya inakwenda moja kwa moja ofisi ya kazi. Siku ya tatu dada afisa huyo mlangoni. Akaangalia meza, akaangalia bandeji, akafungua faili lake.

"Nani fundi hapa?"

Nikasema mimi ndiye mwenye karakana.

"Sikuuliza mwenye. Nimeuliza fundi. Nani anakata, nani anafundisha?"

Akasoma kwa sauti: mwajiri mmoja, hana cheti wala ushahidi wa mafunzo. Mwanagenzi mmoja, ana mwaka mmoja. "Dada, hii karakana yako haina fundi. Mwanagenzi anafundishwa na nani, na kuta?"

Mjomba, tulitaka kukuokoa, tukakufuta. Kwa karatasi ile ile niliyoiandika mimi, mtu pekee anayejua kazi hapa hayupo. Akachukua ukanda wa karatasi wenye muhuri akaubandika kwenye meza kutoka pembe hadi pembe. Haikatwi kioo hapa mpaka fundi aonekane na kuandikishwa. Shule nimewapelekea vioo kumi na vitatu tu. Mwalimu mkuu amesema mwisho wa Aprili ni mwisho wa Aprili, kuna mwingine ng'ambo ya soko anaitaka kazi.

Halafu nikamuuliza lile neno, anaondolewa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa nguo ndani nje. Akasema maana yake anatolewa daftari la mafunzo anaingizwa daftari la wafanyakazi. Anakuwa mwajiriwa kamili, na likizo yake, na akiba yake ya uzeeni. "Nani alikwambia anafukuzwa?" Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe, na wewe ukajiambia mwenyewe, kila mtu na upande wake wa karatasi.

Jioni nikatafuta kitu chochote chenye tarehe yako. Nimetoa droo zote. Ile ya chini kabisa, iliyokuwa haifunguki, nimeivunja kwa bisibisi. Ndani kuna almasi ya kukatia, ile ya mpini wa mfupa kama aliyokuwa nayo Baba, imefungwa kitambaa. Juu ya kitambaa mwandiko wa Baba, kwa wino:

"Ya Mwanagenzi. Amefuzu leo. Nimempa, ameirudisha mezani."

Tarehe ni ishirini Juni, mwaka ule Mama alipotutoka. Mama tulimzika tarehe mbili ya mwezi huohuo.

Miaka kumi na saba, Mjomba. Kumbe wewe ni fundi tangu mimi nina miaka sita. Kwa nini uliirudisha?

Mama Gololi

*

Kwa dada, 4 Aprili

Binti Fundi,

Nimekaa na barua yako siku nne. Dada anasema nimekuwa kama mbuzi aliyesikia ngurumo.

Kwanza mkono. Ukunje kila saa, hata ukiuma. Ngozi ya kiganja ikipona imenyooka, inabaki imenyooka.

Sasa uliloniuliza. Sheria ya Mzee unaijua. Anayefuzu anakabidhiwa almasi yake asubuhi, na kabla jua halijazama awe ameondoka akafungue kwake. Alikuwa akisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Waliotangulia wote waliondoka hivyo. Na mimi siku yangu ilipofika nilikuwa nimeshafunga sanduku. Tena nilikuwa na mchumba, wa mtaa wa chini, baba yake ana duka la mbao. Chumba cha kupanga tulikuwa tumekiona.

Mzee akanipa almasi. Alinipa bila kunitazama. Kisha akarudi mezani, akasimama mbele ya kioo kizima, kikatio mkononi. Hakukata. Chai ililetwa ikapoa, yeye amesimama vilevile. Na wewe ulikuwa chini ya meza na kopo lako la vipande vilivyosuguliwa ncha. Ulikuwa umevaa viatu, cha kulia kushoto, cha kushoto kulia. Nikakuuliza nani kakuvalisha. Ukasema, "Nimejivalisha." Mahali pale, sakafu ile, vioo kila pembe.

Nikakuvua nikakuvalisha upya. Nikamwambia Mzee nitaondoka kesho. Kabla jua halijazama nikairudisha almasi mezani nikasema vioo vya kujitazamia bado sijaviweza, anivumilie. Alijua ni uongo. Akaipokea. Kila mwaka tarehe hiyo alikuwa akiniuliza, "Umeiva?" nami nasema bado kidogo. Baadaye akaacha kuuliza. Baadaye tena nadhani ikawa raha yake kuamini. Mtaa ukashika jina la Mwanagenzi, halikunichubua ngozi.

Mchumba wangu alingoja mwaka. Akasema hawezi kuolewa na mwanagenzi. Hakukosea.

Sikukwambia kwa sababu hukuniomba. Mtoto haombi, na asiyeomba halipishwi.

Lakini usipeleke kile kitambaa ofisini. Nakuomba kama sijawahi kukuomba jambo. Ukikipeleka wataandika kwamba Mzee alimweka fundi kamili miaka yote kwa posho ya mwanagenzi. Wataandika jina lake, chini yake neno "alikiuka". Kaburi bado halijaota majani. Mimi nilikubali mwenyewe, hakunishika miguu. Waandikie kwamba mwanagenzi ametoroka. Uza karakana kwa yule wa ng'ambo ya soko, ukae na mwanao. Mimi huku dada amenipa baraza, nitaziba madirisha ya watu.

Mwanagenzi

*

Karakanani, 10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaifungua tena. Viatu vyangu vilikugharimu nyumba, na mimi nilikuwa chini ya meza nacheza. Siwezi kukulipa hilo, na sitajifanya naweza. Nataka tu ujue kwamba sasa najua.

Kitambaa nimekipeleka.

Usiitupe barua, soma mpaka mwisho. Nilikwenda na Gololi mgongoni, nikasimama kaunta ileile. Nikamwambia afisa ile fomu ya mwaka mmoja ni uongo, niliuandika mimi, na ukweli ni huu hapa. Akakisoma kitambaa, akakigeuza, akakisoma tena. Akavua miwani.

"Unajua kosa la marehemu litaingia kwenye faili?"

"Andika."

"Na lako la fomu?"

"Andika na hilo."

"Uongo umeniletea kwa karatasi, ukweli unaniletea kwa kitambaa. Nyinyi watu wa vioo ni watu gani?"

Akaandika, Mjomba. Nimeuona mkono wake ukiliandika jina la Baba na lile neno uliloliogopa. Nilitoka nje kwenye ukumbi nikalia, kweli nililia. Wewe ulitaka kumlinda Baba, na mimi nampenda. Lakini aliandika mwenyewe kwa wino, akaweka na tarehe. Anayetaka kuficha haandiki. Nadhani alikuwa akingoja mtu avunje ile droo.

Niliporudi ndani amenipa onyo la maandishi, la pili halitakuwa onyo. Akiba yako ya miaka ambayo haikuwekwa nitaiweka kidogokidogo kila mwezi. Ni mzigo, ila ni mzigo wangu halali, utanizoea. Halafu akaniuliza, "Na wewe, vioo umesomea wapi?"

Nikasema, "Chini ya meza."

"Chini ya meza si chuo, dada."

"Ndiyo. Nilikuwa natazama miguu tu. Mikono sijaiona vizuri mpaka leo."

Gololi wakati huo ameshaushika ule uzi wa miwani anauvuta. Afisa anamwachia. Nikamuuliza, je, mwenye karakana anaweza kuandikishwa mwanagenzi wa mfanyakazi wake? Akasema swali hilo hajawahi kuulizwa. Akafungua kitabu cha sheria mpya, akalamba kidole, akafunua, akafunua. Mwisho akasema, "Kifungu kinachoruhusu sikioni. Kinachokataza pia sikioni." Akanipa fomu mbili.

Ndizo hizi. Ya kwanza ni ajira, yako. Pale penye cheo nimeandika fundi mkuu. Ya pili ni ya mafunzo. Mkufunzi ni wewe. Mwanagenzi ni mimi, miaka mitatu, na haizidi. Bila sahihi yako zote mbili ni za kufungia karanga. Ukisaini, ule ukanda unatolewa mezani. Usiposaini, Aprili inaisha na meza inabaki imefungwa, na sitamuuzia wa ng'ambo ya soko, nitakaa hapo niitazame.

Ndani ya boksi hili, kwenye pamba, iko almasi yako. Najua mila ya Baba, aliyefuzu huondoka kabla jua halijazama. Basi wewe umeshaondoka. Tena mwezi na nusu sasa. Mila imetimia, hakuna anayekudai. Sasa rudi. Na habari za mafahali wawili usinitajie, mimi si fahali, mimi ni ng'ombe mwenye ndama.

Mama Gololi

*

Kwa dada, 16 Aprili

Mama Gololi,

Marahaba.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya kwanza kwa sababu ya Mzee. Siku ya pili kwa sababu ya lile neno lako, anayetaka kuficha haandiki. Bado linanikwaruza. Nikifika nitakwenda kaburini nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa watu.

Almasi nimeipokea. Nimeijaribu kwenye dirisha la jikoni la dada. Iliimba. Sasa dada anadai dirisha.

Fomu nimezisoma, maana wewe ni mtu wa kusoma upande mmoja. Ya kwanza nimesaini. Ya pili nimerekebisha kwanza. Umeandika saa za kazi za mwanagenzi kumi kwa siku. Sheria yao inasema nane. Na mama anayenyonyesha ana haki ya kuacha kazi mara mbili kwa siku akamnyonyeshe mtoto, bila kukatwa chochote. Lilikuwa nyuma ya lile tangazo. Wewe hukufika huko, mimi nilifika, kisha nikalirudisha kopo juu yake. Nimeyaongeza kwa mkono, pembeni, na sahihi ndogo. Afisa akiuliza mwambie mkufunzi wako ni mkali.

Masharti mengine hayako kwenye kitabu chao. Hugusi kioo mpaka nyuzi zitoke. Huvai ndala karakanani. Ukiteleza, unaniita.

Vioo vya shule vilivyobaki ni hamsini na kimoja. Nakuja na basi la Jumamosi. Mwambie mwalimu mkuu asiende ng'ambo ya soko.

Ni mimi,
Fundi
(Nimeandika hivi kwa mara ya kwanza, ndiyo maana herufi zinapinda. Gololi sikumpakata.)

*

Karakanani, Jumamosi, 20 Aprili

Fundi,

Shikamoo na karibu. Ukiusoma ujumbe huu umeshaupata ufunguo kwa fundi viatu, maana hutanikuta, niko kliniki. Maji ya kuoga yako kwenye ndoo ya buluu. Ukanda wa mezani usiuguse. Afisa anakuja Jumatatu saa tatu kuutoa mwenyewe, amesema anataka na kukuona, hajawahi kuona mtu aliyekimbia kupandishwa cheo.

Kuna kitu nimekificha tena. Hiki sitaki ukigundue kwa mwandiko, nakisema mwenyewe. Nyuzi zilitoka mwanzoni mwa mwezi. Kidole cha shahada hakikunji. Daktari anasema mshipa wa ndani uliguswa, huenda ukarudi, huenda usirudi, wanakinyoosha na kukikunja kila Jumamosi, na leo ndiyo siku. Kikatio kinashikwa kwa kidole hicho. Nilisaini miaka mitatu ya kujifunza nikijua hivyo, na wewe umesaini bila kujua. Kama unaona nimekudanganya, fomu ya pili iko juu ya kabati, bado haijapelekwa. Ichane. Ile ya kwanza tu usiiguse, hiyo ni yako hata mimi nisipokuwa chochote.

Lakini kabla hujachana, angalia yale magazeti kwenye kiti. Kila siku Gololi akilala naweka rula na kuchora kwa kalamu ya risasi. Mstari mmoja, mara moja, sirudii. Mkono wa kushoto. Ya juu ni ya jana, ya chini ni ya mwezi uliopita. Na hata barua hii ni ya mkono wa kushoto. Linganisha na ile ya kwanza, ile uliyoigundua.

Basi kama mkono wa kushoto unafundishika, nifundishe huo.

Gololi tumekwenda naye. Ameanza kutambaa tangu Jumatano, na akitoka mlangoni anaelekea chini ya meza, sijui nani kamwonyesha. Nimepafagia mara tatu. Ukishapumzika, naomba upafagie mara ya nne.

Mwanagenzi wako,
Mama Gololi